Chemba nne, koo tatu na oringi moja: miezi 14 na mashine ya kupima pumzi za samaki

Jina la kampuni naliacha. Mashine za aina hii zinafanana kama mapacha, na kasoro nitakazozitaja nimezisikia pia kwa wenzangu waliochukua za watengenezaji wengine. Ninayoizungumzia ni ile ya mezani: chemba nne za kioo, pampu nane ndogo, kihisi kimoja cha mwanga kwa kila chemba, na programu ya kompyuta inayokuja nayo boksini. Kazi yake ni kupima samaki mdogo anatumia oksijeni kiasi gani kwa saa. Mimi ni fundi wa maabara. Nawasha taa za matangi asubuhi, napima, naosha, napima tena. Mashine hii naijua mpaka mlio wake wa saa nane za usiku.

Hukumu kwanza, mwenye haraka aondoke nayo. Kama chombo cha kupimia naipa nyota nne. Programu yake naipa mbili, na ya pili ni ya huruma. Ila kuna jambo ilinifanyia ambalo halikuandikwa kwenye kijitabu cha maelekezo: ilinionyesha kwamba "samaki pundamilia", yule mdogo wa milia niliyekuwa namwandika daftarini kila siku kama mnyama mmoja, ni wanyama kadhaa waliovaa sare moja. Na wengine hata sare hawana.

Nieleze inavyofanya kazi, maana lawama zangu nyingi zinatoka humo. Samaki pundamilia mzima, Danio rerio, ana uzito wa kama nusu gramu, mara nyingi pungufu. Maji yake ya maabara huwekwa kwenye nyuzi 28.5 za Selsiasi, na maji ya joto hilo hayabebi hata miligramu 8 za oksijeni kwa lita, uyapulizie hewa utakavyo. Chemba yangu inaingia mililita 20 hivi. Maana yake samaki akifungiwa humo ana akiba ya takriban miligramu 0.15 za oksijeni, basi. Ukimsahau anaanza kuhema. Kwa hiyo mashine inapima kwa vipindi. Pampu ya kwanza inasukuma maji mapya, kisha inazima na chemba inabaki imefungwa. Pampu ya pili inayazungusha maji yale yale yasituame, na kihisi kinasoma oksijeni inavyoshuka. Zikipita dakika chache, maji mapya yanaingia tena. Programu inachukua mteremko wa kila kipindi na kuugeuza kuwa namba. Inaendelea hivyo usiku kucha, wewe umelala.

Kihisi chenyewe ni kidoa cha rangi kilichobandikwa ndani ya kioo, ukubwa wa kifungo cha shati la mtoto. Kwa nje unakielekezea waya wa mwanga. Kidoa kinapopigwa mwanga kinang'aa, na oksijeni huufifisha mng'ao huo, kwa hiyo oksijeni inavyopungua kidoa kinazidi kuwaka. Walioteseka na elektrodi za zamani, zenye utando wa kubadilishwa kila mara na zenye kula oksijeni zenyewe wakati zinapima, wataelewa kwa nini siku ya kwanza nilitabasamu peke yangu kama mjinga. Unaweka alama mbili tu: sifuri kwa maji yenye salfaiti ya sodiamu, chumvi inayomaliza oksijeni yote, na mia kwa maji yaliyopulizwa hewa vizuri. Nikishaziweka, zinakaa siku nyingi bila kuyumba. Hapo sina neno.

Sasa aibu.

Kazi ya kwanza niliyopewa ilikuwa kulinganisha koo mbili za samaki pundamilia, yaani nasaba mbili zinazofugwa maabara, ziitwazo AB na TL. Chemba zina namba, nami napenda mpangilio, nikaweka AB chemba ya 1 na ya 2, TL ya 3 na ya 4. Kila siku hivyo hivyo, wiki sita. Matokeo yakawa mazuri ajabu: TL walionekana kutumia oksijeni kidogo kuliko AB, wazi kabisa, grafu hata mtoto angeisoma. Mkuu wa maabara akaanza kuzungumzia makala. Mimi nikaanza kuzungumzia likizo.

Aliyetuzindua ni kaka anayetunza matangi, mtu ambaye hagusi mashine. Alipita akasimama akitazama chemba ya 3, akaniuliza, "Dada, huyu umemfungia au umemwachia dirisha?" Nikamwambia imefungwa. Akasema, "Mbona kinyesi chake kinaelea kuelekea kifunikoni na pampu ya maji mapya imezima?"

Nilimtoa samaki, nikajaza chemba maji, nikadondoshea tone moja la rangi ya buluu, nikafunga, nikaiacha kwenye hali ya kupima. Dakika ya pili uzi mwembamba wa buluu ukatoka pembeni ya kifuniko, polepole, ukajinyonga kwenye maji ya nje kama moshi wa udi. Oringi, ile pete ya mpira inayoziba kifuniko, ilikuwa na mpasuko mdogo ambao kwa macho huuoni, unausikia kwa ukucha tu. Maji ya nje yenye oksijeni yalikuwa yakiingia chemba wakati ambapo haikupaswa kuingia kitu. Oksijeni ikiingia, mteremko unalala. Mteremko ukilala, samaki anaonekana mpole. Na chemba ya 4? Ile ilikuwa na kiputo cha hewa kimejificha kwenye kona ya mpira wa pampu. Kiputo nacho huachia oksijeni kwenye maji kadiri yanavyoishiwa, kwa hiyo kosa lake likaangukia upande ule ule. TL wangu wapole walikuwa ni mpira mmoja uliopasuka na kiputo kimoja.

Nilibadilisha oringi zote nne, nikaanza kupiga kura ya nani aingie chemba ipi, na nikarudia kazi. Tofauti ikanywea. Haikutoweka, lakini ikawa ya kuitafuta kwa samaki wengi na subira. Namba zangu siziweki hapa. Hazijapitiwa na mtu mwingine, na baada ya kisa kile sina shingo ya kuzipeleka mbele za watu haraka. Ninachosema ni kwamba mashine ilikuwa sahihi muda wote. Ilipima ilichopewa. Kijitabu chake kina kurasa nzima za kuunganisha nyaya, na mstari mmoja tu unaosema ukague mipira "mara kwa mara". Mara kwa mara ni lini? Mimi sasa napima chemba tupu kabla na baada ya kila zamu. Kipimo hicho kinanionyesha uvujaji, na pia kinanipa kiasi cha oksijeni kinachotumiwa na bakteria waliojibandika kwenye kioo. Hao ukiwaachia siku nne bila kuosha, wanakula sehemu ambayo huwezi kuifumbia macho.

Kwa nini basi tulitegemea koo hizo zitofautiane? Tuna msemo, mchele mmoja mapishi mbalimbali. Humu ndani ni kinyume chake: mapishi ni yale yale, maji, joto, chakula, saa 14 za mwanga na 10 za giza, ila mchele ndio haukutoka gunia moja. AB ni ukoo wa Oregon, Marekani, alikofanyia kazi George Streisinger, yule ambaye mwaka 1981 alitangaza kwamba amepata samaki pundamilia walio nakala kamili za mama zao. TU ni wa Tübingen, Ujerumani, na jenomu, yaani maandishi yote ya DNA, iliyochapishwa mwaka 2013 kama kielelezo, yenye jeni zaidi ya 26,000 za kutengeneza protini, ni ya ukoo huo. WIK wana asili ya samaki wa porini waliotoka India. Na TL, hawa wangu, mabadiliko yao unayaona kwa macho: jeni moja iliyobadilika imewapa madoa badala ya milia, na nyingine imewarefusha mapezi. Hiyo ya pili inahusu mlango wa potasiamu kwenye utando wa seli, unaofanya kazi pale kwenye pezi ambapo kwa kawaida haupaswi kufanya kazi.

Hebu fikiria maana yake mezani kwangu. Samaki mwenye mapezi marefu anabeba nyama ya mapezi kwenye mizani, na akiogelea anayakokota majini. Nikikuta anatumia oksijeni tofauti na mwenye mapezi mafupi, nimepima umetaboli wa seli zake, yaani zinavyochoma chakula kupata nishati, au nimepima kazi ya kukokota shela? Mashine haijui. Inasoma mteremko.

Isitoshe, hata ndani ya AB hawa si nakala za mtu mmoja. Wanaotoka kwenye maabara za panya hudhani ukoo ni ukoo, kila mnyama sawa na mwenzake. Samaki pundamilia hawavumilii kuoana ndugu kwa ndugu vizazi vingi. Uzazi hudhoofika, na idadi ya madume na majike huenda mrama. Kwa hiyo watunzaji wanachanganya kwa makusudi, na tofauti za jeni zinabaki nyingi ndani ya tangi moja. Tena ufugaji wenyewe umeacha alama: AB na TU wamepoteza ile sehemu ya kromosomu ya 4 ambayo kwa jamaa zao wa porini huamua nani awe jike. AB wa maabara moja na AB wa maabara nyingine ni binamu tu. Siku hizi nikisoma makala inayosema "tulitumia samaki pundamilia wa kawaida" bila kutaja ukoo, naiweka pembeni nikachemshe chai.

Kisa cha pili kiliniuma zaidi kwa sababu hakikuwa na mpira wa kulaumiwa. Mwenzangu alikuwa na samaki wenye jeni fulani aliyoizima, amewatengeneza juu ya casper, wale samaki ang'avu waliotangazwa mwaka 2008. Casper ukimtazama unaona moyo unavyopiga na mayai tumboni. Wapiga picha wa hadubini wanawapenda kama roho zao. Akawaleta kwenye mashine yangu pamoja na AB wa kawaida wa kulinganishia. Tofauti ikatoka kubwa. Safari hii oringi nilikuwa nimezikagua mwenyewe, kwa ukucha, moja moja.

Casper anapata ung'avu wake kwa jeni mbili zilizoharibika. Moja ni mitfa. Bila hiyo seli za rangi nyeusi hazitokei. Ya pili kwa miaka mingi ilijulikana kwa jina la utani tu, mpaka mwaka 2017 ilipobainishwa kuwa ni mpv17. Na mpv17 ni jeni ya nini? Ya protini inayokaa kwenye utando wa ndani wa mitokondria, vile vinu vya nishati ndani ya seli! Kwa binadamu, jeni hiyo ikiharibika huleta ugonjwa mzito wa ini na ubongo, kwa sababu DNA ya mitokondria inapungua kwenye seli. Sasa wewe unapima matumizi ya oksijeni, kazi ambayo karibu yote inafanywa na mitokondria, na samaki uliyemchagua kwa uzuri wa picha ana kasoro ndani ya mitokondria hizo hizo. Halafu unamlinganisha na AB asiye na kasoro hiyo, unasema ni kazi ya jeni yako uliyoizima. Nilimwambia mwenzangu taratibu, mlango umefungwa. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Na ndugu zao je?"

Ndugu zao ndio dawa. Unachukua wazazi wawili ambao kila mmoja amebeba nakala moja nzima na moja iliyozimwa, wote wa ukoo ule ule. Kwenye watoto wao, robo wanakuwa na nakala mbili zilizozimwa, nusu wanabeba moja, robo hawana kabisa. Wote wamelelewa tangi moja, wamekula pamoja, na casper wao ni casper yule yule. Unawapima bila kujua nani ni nani, kisha unakata kipande kidogo cha pezi la mkia na kusoma DNA. Tulipofanya hivyo sehemu kubwa ya ile tofauti nzuri ikayeyuka. Kilichobaki ndicho kilichokuwa cha jeni yake, na alikipokea kama mtu anayepokea chenji.

Hapa niishambulie programu. Haina sehemu ya kuandika ukoo. Haina sehemu ya kuandika jeni. Kuna kisanduku cha jina la samaki kinachopokea herufi nane. Nane! Mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya maabara zinazofuga koo na jeni zilizobadilishwa, na haikuwazia kwamba mtu atataka kuandika samaki ni mtoto wa nani. Nimeishia kuwa na daftari la karatasi lenye safu nne, na kila Ijumaa nahamishia kwenye jedwali la kompyuta kwa mkono.

Dhambi yake kubwa ni nyingine. Programu inakupa jibu kwa miligramu za oksijeni kwa kilo kwa saa, yaani imegawanya kwa uzito kabla hata hujaulizwa. Kugawa kwa uzito kunaonekana haki, lakini umetaboli wa samaki haupandi sambamba na uzito. Unapanda kwa kipeo ambacho mara nyingi huwa kati ya 0.75 na 0.9. Chukua 0.8: samaki mwenye uzito mara mbili anatumia oksijeni mara 1.74, wala si mara 2. Ukigawanya kwa gramu, yule mkubwa anaonekana mvivu kwa asilimia 13, na jeni hazijafanya lolote. Ukoo mmoja ukiwa na miili mikubwa kidogo kuliko mwingine, programu inakutengenezea "tofauti ya kijeni" pale pale mezani. Ongeza majike yenye mayai. Mayai ni uzito kwenye mizani, lakini hayahemi kama misuli. Mimi naichukua namba ghafi ya oksijeni kwa saa, naipeleka kwenye programu ya takwimu, uzito unaingia kama kigezo kinachosimama peke yake. Kuipata hiyo namba ghafi lazima ufungue faili la pili lililofichwa ndani ya folda ya tatu. Nilichukua miezi miwili kuligundua.

Inapong'ara ni usiku. Samaki aliyetoka kukamatwa na wavu anahema kwa woga, na saa za kwanza za grafu ni woga mtupu. Woga nao una ukoo: tofauti za tabia na za homoni ya kotisoli kati ya AB na TL zimeshachapishwa. Kwa hiyo ukimpima samaki nusu saa tu baada ya kumwingiza, unaweza kuwa umelinganisha waoga na majasiri ukadhani umelinganisha umetaboli. Mimi namwingiza jioni, akiwa hajalishwa tangu jana yake, maana kusaga chakula nako kunakula oksijeni. Data ya saa za mwanzo naitupa, nachukua vipindi vya chini kabisa vya alfajiri. Mashine inalifanya hilo bila kukohoa. Vipindi zaidi ya mia kwa usiku mmoja, pampu hazijawahi kukwama. Joto la beseni halisogei hata sehemu ya kumi ya nyuzi, na hilo si dogo, kwa sababu kwa samaki joto likipanda nyuzi 10 umetaboli hukaribia kuongezeka maradufu.

Furaha yangu kubwa na chombo hiki haikutoka kwa pundamilia, ilitoka kwa wageni. Kikundi jirani kilileta Astyanax mexicanus, samaki wa Meksiko mwenye sura mbili: wa mtoni, mwenye macho na rangi, na wa pangoni, asiye na macho, mweupe kama mshumaa wenye damu. Wanaweza kuzaliana, bado ni spishi moja. Tuliwaweka wawili wa kila sura, siku tatu mfululizo, mwanga na giza kwa zamu. Asubuhi ya pili nilifungua grafu nikasahau kukaa. Wa mtoni wanapanda mchana na kushuka usiku, mawimbi kabisa. Wa pangoni wamenyooka, mchana na usiku mamoja, kama vile hawajawahi kuambiwa kuna jua. Mwaka 2014 ilishachapishwa hivyo, kwamba wa pangoni wameacha mdundo wa kila siku wa umetaboli na kwa njia hiyo wanaokoa zaidi ya robo ya nishati. Nilikuwa nimeisoma. Kuiona ikichorwa na pampu ninazoziosha mwenyewe ni jambo jingine.

Na hawa jeni zao zinajulikana kwa majina. Baadhi ya makundi ya mapangoni yana mabadiliko kwenye mc4r, kipokezi (protini inayopokea ujumbe wa homoni) kinachohusika na kushiba, kwa hiyo wanakula kama hawatakula tena. Mengine yana mabadiliko kwenye kipokezi cha insulini, na mwili wao hauisikilizi insulini vizuri. Kwa binadamu tungeita ugonjwa, wao wananenepa na kuvumilia njaa miezi na miezi. Mwaka 2018 ilichapishwa kwamba watafiti waliyachukua mabadiliko hayo ya kipokezi cha insulini wakayaweka ndani ya samaki pundamilia, na pundamilia nao wakaongezeka uzito. Hilo lilinigusa kuliko grafu yangu. Herufi moja ya protini, imehamishwa kutoka kwa samaki wa pangoni hadi kwa samaki wa tangi, na mizani ikaisikia.

Siku tatu zile zilinigharimu vidoa viwili. Rangi ya kihisi huchoka kila inapopigwa mwanga, nami nilikuwa nimeacha isome kila sekunde moja, kama ilivyotoka kiwandani. Weka kila sekunde tano au kumi. Mteremko hautaharibika na kidoa kitaishi. Hili nalo lingefaa kuwa ukurasa wa kwanza wa kijitabu.

Wapo watakaoinunua wakajuta. Kama kazi yako ni viinitete na vifaranga vya siku chache, chemba hizi ni bahari kwao. Tafuta sahani ya vishimo vidogo vya kioo. Na ukiwapima hao, angalia kama wamewekewa PTU ya kuzuia rangi, kwa sababu dawa hiyo inagusa tezi ya thairoidi, na thairoidi ndiyo mshika usukani wa umetaboli. Pia kama swali lako ni samaki anachoma nini, sukari au mafuta, mashine haitakujibu. Oksijeni ni jumla ya bili, haisemi nani alinunua nini. Mfano mzuri ni kipokezi cha leptini, homoni inayouambia ubongo kwamba mwili una mafuta ya kutosha. Panya asiye nacho ananenepa kupindukia. Pundamilia wasio na kipokezi hicho, kwa mujibu wa kazi ya mwaka 2016, hawakunenepa, ila udhibiti wao wa sukari ulivurugika. Mtu angewaweka kwenye chemba zangu tu, angeweza kuondoka akisema hawana shida. Ukumbuke pia samaki hawa wana nakala mbili za jeni nyingi, urithi wa jenomu kujirudufu zamani sana kwa mababu zao. Insulini wana jeni mbili, leptini mbili. Unazima moja, dada yake anashika zamu, na mteremko unabaki ulivyokuwa.

Huduma baada ya kuuziwa niseme kwa ufupi, isije hasira ikaniharibia sentensi. Oringi niliagiza nne, zikaja wiki ya saba, tatu zikiwa za kipenyo kingine. Barua pepe zangu zilijibiwa na watu watatu tofauti, kila mmoja akiniuliza upya namba ya mashine. Mwisho nilipeleka oringi moja nzima kwa muuza vipuri vya mabomba, akaipima kwa kidole, akanipa dazeni zinazolingana. Miezi tisa sasa, hakuna hata moja iliyovuja.

Juzi kampuni imenitumia fomu ya kuniuliza kama ningependa kupanda hadi toleo la chemba nane. Kwenye sehemu ya maoni nimeandika kwamba nitapanda siku kisanduku cha jina kitakapopokea zaidi ya herufi nane. Sehemu ya maoni yenyewe, nimegundua baada ya kubonyeza, inapokea herufi hamsini.